Mchezaji Mwenye Suruali ya Jagwa: Uchambuzi wa Kisa cha Chombo cha Altar de Sacrificios

Mwaka 1962, wanaakiolojia wa Jumba la Makumbusho la Peabody la Chuo Kikuu cha Harvard, waliokuwa wakichimba magofu ya mji wa Kimaya (Wamaya ni watu wa kale wa Amerika ya Kati) wa Altar de Sacrificios katika jimbo la Petén, Guatemala, walifukua kaburi la mwanamke kijana na kulipa namba 96. Miongoni mwa vitu alivyozikwa navyo kilikuwamo chombo cha udongo chenye umbo la bilauri ndefu, kimechorwa pande zote kwa rangi za mchungwa, nyekundu, nyeusi na maziwa. Viumbe sita wamekizunguka. Mmoja wao yumo katikati ya ngoma: kisigino kimoja kimeinuka, mwili umepinda kuelekea nyuma, na kuanzia kiunoni kushuka chini amevaa suruali ya kubana iliyotengenezwa kwa ngozi ya jagwa, yenye madoa meusi yaliyochorwa moja moja kwa brashi nyembamba. Kwa takriban robo karne mchezaji huyo aliitwa kwa jina la mfalme anayejulikana katika historia. Siku hizi wasomaji wa maandishi ya Kimaya hawamwiti tena hivyo, na kilichomvua ufalme wake ni ishara moja ya maandishi, ambayo nayo ina kipande cha ngozi ya jagwa ndani yake.

Kabla ya kuingia katika kisa chenyewe, neno moja kuhusu mnyama. Baadhi ya waandishi wa Kiswahili humwita jagwa “chui wa Amerika”, na kwa mazungumzo ya kawaida hilo halina ubaya. Katika uchambuzi wa picha, hata hivyo, tofauti ina maana. Jagwa ni mzito zaidi kuliko chui wetu, kichwa chake ni kipana, taya zake zina nguvu ya kutoboa fuvu la windo, na mabaka yake makubwa yana vidoa vidogo katikati, jambo ambalo kwa kawaida halionekani kwenye ngozi ya chui. Zaidi ya hayo, jagwa hapendi kukaa mbali na maji. Anaogelea vizuri, anavua samaki, anakamata mamba wadogo na kasa, na hutembea sana usiku na alfajiri. Wachoraji wa Kimaya walizijua tabia hizi zote, na ndiyo maana jagwa wa kwenye vyombo vyao mara nyingi huchorwa akiwa na yungiyungi juu ya kichwa au shingoni, ua ambalo haliwezi kuota penye nchi kavu.

Altar de Sacrificios penyewe ni mahali pa maji. Mji huo ulijengwa karibu na makutano ya mto Pasión na mto Chixoy, pale unapoanzia mto mkubwa wa Usumacinta unaoelekea Ghuba ya Meksiko. Jina hilo la Kihispania, lenye maana ya “madhabahu ya kafara”, ni la karne za karibuni na si la Wamaya wa kale, ingawa naamini liliwaathiri waliokuja baadaye kuliko walivyokuwa tayari kukiri. Uchimbaji wa Harvard ulifanyika kati ya 1958 na 1963 chini ya Gordon Willey na A. Ledyard Smith, na mtaalamu aliyekabidhiwa ufinyanzi wote wa mji huo alikuwa Richard E. W. Adams.

Adams alikuwa na jambo ambalo wachambuzi wengi wa ufinyanzi wa Kimaya hawajawahi kulipata: chombo bora cha sanaa, kikiwa bado mahali kilipowekwa na wazishi. Vyombo vingi vya namna hii vilivyomo katika makumbusho ya Marekani na Ulaya vilifukuliwa na wezi wa makaburi, vikauzwa, na kufika kwenye kabati la kioo bila mtu yeyote kuweza kusema vilitoka kaburi gani. Hapa palikuwa na kaburi, palikuwa na mifupa ya mtu mwenye umri na jinsia, na karibu na hapo, ndani ya jengo la mazishi lililopewa alama A-III, palikuwa na kaburi jingine, namba 128, la mwanamke wa makamo aliyezikwa kwa heshima kubwa. Juu ya chombo palikuwa na maandishi yenye tarehe inayoangukia mwaka 754 wa kalenda yetu. Kwa mwanaakiolojia, huo ni utajiri.

Kutokana na utajiri huo Adams aliunda simulizi. Mwanamke wa kaburi namba 128 alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme. Alipofariki, wageni mashuhuri walisafiri kutoka miji mingine kuja kumzika, na chombo kilichorwa kama kumbukumbu ya siku hiyo. Viumbe sita waliochorwa walikuwa wageni hao wakiwa katika ibada ya mazishi: baadhi wakicheza ngoma, mmoja akiwa na nyoka mkubwa. Mchezaji mwenye suruali ya jagwa alikuwa mtawala wa Yaxchilán, mji ulioko chini zaidi kwenye Usumacinta, ambaye wataalamu walimwita Ndege-Jagwa na ambaye leo jina lake linasomwa Yaxun Bahlam wa Nne. Mtawala huyo alitawazwa mwaka 752, miaka miwili tu kabla ya tarehe ya chombo. Nembo ya Tikal, yaani ishara ya mji huo mwingine mkubwa wa Kimaya, nayo ilionekana katika maandishi, kwa hiyo Tikal pia ilikuwa imetuma mjumbe. Na yule kiumbe anayejikata shingo kwa kisu? Adams alimwona kuwa ni mwanamke kijana aliyejitoa kafara kumfuata bibi yake, yaani mwanamke yuleyule wa kaburi namba 96, ambaye alizikwa na chombo chenye picha ya kifo chake mwenyewe, na kisu cha gumegume kando yake.

Ni rahisi leo kucheka simulizi hiyo, lakini nadhani kufanya hivyo ni kukosa haki. Tuangalie Adams alikuwa amesimama wapi. Hadi miaka ya 1950 fikra iliyotawala, iliyotetewa kwa nguvu zote na mtaalamu wa Wamaya Eric Thompson, ilikuwa kwamba maandishi ya Kimaya hayazungumzii watu. Yalidhaniwa kuwa ni mahesabu ya kalenda, nyota na miungu tu. Mwaka 1958 Heinrich Berlin alionyesha kwamba miji mbalimbali ilikuwa na ishara zake maalumu, ambazo aliziita nembo. Mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff alipanga mawe yenye maandishi ya Piedras Negras, mji mwingine wa Kimaya, kwa tarehe zake na kuthibitisha kwamba yanafuata maisha ya watawala mmoja baada ya mwingine: kuzaliwa, kutawazwa, kufa. Baada ya hapo aligeukia Yaxchilán, na ni yeye aliyempa Ndege-Jagwa jina lake. Basi mwanaakiolojia anayeokota chombo chenye tarehe na nembo mwaka 1962 anafanya kazi katika miaka ambayo historia ndiyo kwanza imeshinda. Ingekuwa ajabu kama asingetafuta watu wa kweli kwenye picha hiyo.

Tena suruali yenyewe ilimshuhudia. Watawala wa Kimaya walivaa ngozi ya jagwa kweli, na ushahidi wake hauhitaji kutafutwa kwa tochi. Katika michoro ya ukutani ya Bonampak, ya miaka ya 790, mfalme Yajaw Chan Muwaan amesimama vitani akiwa na koti la ngozi ya jagwa. Wafalme walikalia mito na viti vilivyotandikwa ngozi hiyo. Kwenye kizingiti cha mbao cha Hekalu la I huko Tikal, jagwa mkubwa kuliko binadamu amesimama nyuma ya mfalme kama mlinzi. Huko Copán, karibu na Altari Q, jiwe lililowekwa mwaka 776 na mfalme wa kumi na sita wa mji huo, wachimbaji walikuta shimo lenye mifupa ya jagwa na paka wengine wakubwa, na utafiti wa isotopu, yaani alama za kikemikali za chakula zilizobaki mifupani, uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baadhi ya wanyama wa Copán walikuwa wamefugwa katika vizimba, wakilishwa na binadamu, kabla ya kuchinjwa. Kwa jamii inayofuga jagwa kwa ajili ya ufalme, ngozi yake mwilini mwa mtu ni sawa na kusema “huyu ni mkubwa”. Adams alisoma alama hiyo kama ilivyosomwa mahali pengine pote.

Kosa lake lilikuwa kwenye hatua ya kuifunga picha na kaburi. Akiwa na wanawake wawili chini ya ardhi na picha ya kifo juu ya chombo, aliunganisha pande mbili ambazo hazikuwa na kiungo chochote zaidi ya ukaribu. Kisu cha gumegume kilikuwa ndani ya kaburi. Kwenye chombo palikuwa na kisu. Basi ni kisu kilekile. Na picha ya mchezaji ilipokwisha kuchukuliwa kuwa ni ya msibani, ngozi ya jagwa haikuweza kuwa kitu kingine isipokuwa vazi la mgeni rasmi.

Ishara yenye nusu uso

Katika maandishi mafupi yaliyo kando ya kila kiumbe kwenye chombo hicho kuna ishara inayojirudia. Ni uso wa mtu uliochorwa kwa mistari michache, uleule unaotumika kuandika neno *ajaw*, yaani bwana au mtawala. Tofauti ni kwamba nusu moja ya uso huo iko wazi na nusu nyingine imefunikwa na kipande cha ngozi ya jagwa, madoa yake yakionekana hata pale ishara ilipoandikwa kwa udogo wa ukucha. Kwa miaka mingi wataalamu waliisoma ishara hii kama cheo cha aina fulani cha kifalme, na ukiitazama kwa macho tu, hakuna tafsiri nyingine inayokujia: bwana pamoja na jagwa, basi ni bwana mkubwa.

Mwaka 1989 Stephen Houston na David Stuart walichapisha hoja fupi iliyobadilisha mambo, na Nikolai Grube alikuwa amefikia jibu hilohilo kwa njia yake mwenyewe. Walichokitazama ni vitu vidogo vilivyobandikwa kwenye ishara hiyo. Wamaya walikuwa na desturi ya kuongeza ishara za silabi kando ya ishara ya neno ili kumsaidia msomaji atamke sawasawa, na kando ya uso huu wa nusu jagwa mara kwa mara ilionekana silabi *wa* mwanzoni na *ya* mwishoni. Neno lilikuwa *way*, ambalo wataalamu sasa huliandika *wahy*. Katika lugha za Kimaya zinazosemwa hadi leo, mzizi huo unahusiana na kulala na kuota, na katika Kimaya cha Yucatán unataja mchawi anayejigeuza mnyama au mnyama ambaye ni nafsi ya pili ya mtu. Watzotzil, jamii ya Kimaya ya Chiapas nchini Meksiko, wana neno la ukoo huohuo kwa mnyama mwenza anayeishi mlimani na kupata jeraha lolote ampatalo mwenye nafsi; na kwao ni watu wenye nguvu ndio huwa na jagwa kwa mwenza, huku mtu wa kawaida akiwa na mnyama mdogo zaidi.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatahitaji kuelezwa sana wazo la nafsi inayotembea usiku katika mwili wa mnyama, wala la mkubwa ambaye ukubwa wake unaogopwa kwa sababu ana kitu cha namna hiyo. Nalitaja hili kwa tahadhari, maana kufanana kwa mawazo si undugu wa mila, na *wahy* wa Wamaya ana tabia zake ambazo hazimo katika masimulizi yetu ya fisi wa wachawi.

Ishara hiyo ilipokwisha kusomeka, sentensi kwenye chombo cha Altar zilifunguka zote kwa pamoja. Kila moja ina sehemu tatu: jina la kiumbe, kisha *u wahy*, “wahy wake”, kisha mwenye wahy. Na huyo mwenye wahy anatajwa kwa nembo ya ufalme, bila jina lake binafsi. Hapo ndipo simulizi ya mazishi ilipovunjika, na naomba nikae kidogo kwenye jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha kisa. Adams alisoma nembo ya Tikal kama anuani: mtu huyu ametoka Tikal. Kumbe nembo ilikuwa ni umiliki: kiumbe huyu ni wahy wa bwana wa Tikal. Nembo ni ileile, mahali pake kwenye sentensi ni palepale, lakini kiumbe aliyechorwa amehama kutoka upande wa wanadamu kwenda upande mwingine kabisa. Hakuna mgeni aliyesafiri. Waliochorwa ni vitu ambavyo wageni hao wangekuwa navyo popote walipo, hata wakiwa wamelala vyumbani mwao.

Yule anayejikata shingo naye akapata jina lake. Si mwanamke wala hajitoi kafara kwa ajili ya bibi yeyote. Kiumbe anayejikata kichwa anaonekana katika vyombo vingine pia, na maandishi humtaja kuwa ni sura mojawapo ya Akan, nguvu ya kutisha inayohusishwa na ulevi, ugonjwa na kifo. Ushahidi wa kurudiarudia ndio uliozima mabishano. Grube na Werner Nahm waliporatibu orodha ya wahy mwaka 1994, viumbe walewale walikuwa wakijitokeza katika chombo baada ya chombo, kwa majina yaleyale, vingi vikiwa vya mafundi tofauti na tarehe tofauti. Mazishi ya mtu mmoja hufanyika mara moja. Viumbe waliochorwa mara nyingi hivyo hawawezi kuwa waombolezaji wa siku moja ya mwaka 754.

Kwa nini jagwa

Miongoni mwa wahy wote waliotambuliwa, jamii ya jagwa ndiyo kubwa kupita nyingine. Yuko jagwa wa moto, ambaye mwili wake umezungukwa na ndimi za moto. Wako wenye kitambaa chekundu cha kafara shingoni, na wengine wamechanganyika na wanyama wengine kiasi kwamba madoa ndiyo pekee yanayomtambulisha. Anayenivutia mimi ni jagwa wa maji, anayeonekana akiwa ndani ya maji na kutajwa kuwa wahy wa bwana wa Seibal. Seibal iko juu ya mto Pasión, mto uleule unaoshuka hadi Altar de Sacrificios. Ni vigumu kuamini kwamba watu wa bonde hilo walimchagulia bwana wao kiumbe huyu kwa kubahatisha, ilhali kila aliyepiga kasia jioni katika Pasión angeweza kumwona jagwa akivuka mto, kichwa tu kikiwa juu.

Mwaka 2005 Stuart aliusukuma mjadala hatua nyingine kwa kusema kwamba wahy hawakuwa wenza wapole wa watu. Majina yao yanataja ulevi, kifo na wadudu wenye sumu. Tandu mwenye mifupa myeupe ni mmoja wao. Kwa maoni yake, hawa walikuwa silaha za kichawi za falme, magonjwa yaliyopewa umbo na jina, ambayo mtawala aliaminika kuweza kuyatuma kwa adui zake usiku. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ukichukua hoja hiyo ukarudi kwenye ishara ya nusu uso, inaonyesha kwamba mwandishi wa kale alipohitaji kuandika wazo la nafsi ya pili ya mtawala hakutafuta nyoka wala popo wala tandu, ingawa wahy wa namna hizo wapo. Alichukua uso wa bwana akaufunika nusu kwa ngozi ya jagwa. Upande wa mchana ni mtu. Upande wa usiku ni madoa. Wamaya walimpa hata jua la usiku, linalopita kuzimu kabla ya kuchomoza tena, masikio ya jagwa.

Kuhusu asili ya chombo, mtindo wake ni wa ufalme wa Ik', ambao kituo chake kikuu kilikuwa Motul de San José, kaskazini mwa ziwa Petén Itzá. Wachoraji wa Ik' walikuwa na mkono unaotambulika: miili yenye unene halisi wa binadamu, matumbo na mapaja ya watu waliokula wakashiba, rangi ya waridi katika maandishi, na mwendo ambao wachoraji wengi wa Kimaya hawakuujali. Hakuna gurudumu la mfinyanzi lililotumika wala mpako wa kioo wa kung'arisha. Chombo kilifinyangwa kwa mkono, kikapakwa udongo laini wa rangi, kikachorwa kwa udongo uliochanganywa na madini, kisha kikachomwa kwa moto mdogo. Kwa hiyo kila doa la jagwa lililopo pale liliwekwa likiwa na rangi isiyofanana na ile itakayotokea baada ya moto, na fundi alilazimika kuiona ngozi kichwani mwake kabla ya kuiona kwenye chombo.

Kuna pingamizi moja ambalo tafsiri mpya haiwezi kulipita haraka. Mchezaji wetu ana uso wa mtu na mwili wa mtu. Suruali yake ni suruali, ina mwisho kiunoni, na juu yake kifua kiko wazi. Wahy wengi wa jagwa huchorwa kama wanyama. Huyu kavaa mnyama. Je, basi si mtu anayecheza ngoma akiigiza wahy? Hoja hii ina uzito, kwa sababu Wamaya walicheza ngoma za mavazi, na wafalme wa Ik' wenyewe wamechorwa wakicheza katika mavazi mazito. Wachoraji wa Ik' walikuwa hata na mbinu ya kuonyesha jambo hilo waziwazi: mtu akivaa kinyago, kinyago kinakatwa upande mmoja kwenye picha ili uso wa kweli uonekane ndani yake, kana kwamba mtazamaji anapenya kwa macho. Mbinu hiyo haimsaidii mtu yeyote hapa, maana uso wa mchezaji hauna kinyago cha kukatwa.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni la aidha-au: ama ni kiumbe wa ndotoni, ama ni mwigizaji uwanjani. Mimi naona maandishi yanaamua kwa upande mmoja na kuuacha mwingine. Sentensi iliyo kando yake haina neno lolote la kuigiza, ingawa Wamaya walikuwa na fomula mahususi ya kusema kwamba fulani yuko katika sura ya mungu fulani, na waliitumia mara nyingi kwenye mawe. Sentensi inasema ni wahy. Kwamba fundi aliamua kumpa mapaja ya binadamu ndani ya ngozi ya jagwa, badala ya kuchora jagwa mzima, ni uamuzi wa sanaa unaolingana na ishara ya maandishi iliyo karibu naye. Ishara inagawa uso wima, nusu mtu na nusu ngozi. Picha inagawa mwili mlalo, juu mtu na chini ngozi. Sidhani kama mkono uliochora vyote viwili katika siku zilezile haukuona kwamba vinafanana.

Linabaki suala la kaburi. Tafsiri ya Adams ilikuwa na jibu safi kwa swali la kwa nini chombo hiki kiliwekwa kwa mwanamke kijana: kilikuwa picha yake. Tafsiri ya sasa haina jibu safi kama hilo, lakini ina maelezo yanayokubalika zaidi kwa jinsi vyombo vya aina hii vilivyoishi. Bilauri za kifalme zilitumika kunywea vinywaji vya kakao katika karamu, zilitolewa zawadi kati ya nyumba na nyumba, na ziliishia makaburini zikiwa mali ya thamani ya mtu. Chombo cha Ik' kilichofika Altar de Sacrificios kinaeleza uhusiano wa falme mbili kuliko kinavyoeleza kifo cha mtu mmoja. Mwanamke wa kaburi namba 96, au ukoo wake, alikuwa katika mzunguko wa watu wanaopokea vitu vya namna hiyo. Kisu cha gumegume kilichokuwa naye ni kisu cha kaburini kama vingine vingi.

Katika sehemu moja Adams hajapitwa na yeyote, nayo ni daftari lake la uchimbaji. Kuna chombo kingine cha mtindo wa Ik', chenye wahy na jagwa, katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Princeton. Kimesomwa neno kwa neno, picha yake imekunjuliwa kwa kamera na kuchapishwa, na uchoraji wake ni wa hali ya juu sana. Lakini hakuna anayeweza kusema kilitoka kwa nani, mwanamke au mwanamume, chini ya jengo gani, karibu na mto gani. Kile cha Altar, ambacho sasa kimo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Akiolojia na Ethnolojia mjini Guatemala, kinabeba yote hayo pamoja na jina la uongo la mfalme kililowahi kupewa, na ni kwa sababu mahali pake palirekodiwa ndipo jina hilo likaweza kupingwa.